Ladha ya Kamba

Walinipa kijiko, mimi ambaye miaka kumi na miwili
nilikuwa mgongo.
Pale Muhanzi, mashua za Idjwi zinapotema magunia alfajiri,
hakuna aliyeuliza jina. Waliita, "Wee mgongo, njoo!"
nami nikaja, kamba kwenye paji la uso,
kilo themanini, mlima wa Kadutu mbele yangu,
na kule juu faranga mia tano, Mungu akipenda.

Kamba ile niliing'ata mikono ilipochoka kuishika.
Likumbuke hilo, nitalirudia.

Sasa nimekaa. Hilo peke yake lilinitia haya,
kukaa mchana kweupe, miguu chini ya meza,
eproni kifuani kama muuguzi.
Kushoto yupo Iragi, maibobo wa juzi tu,
hunusa kila kitu kabla ya kukigusa.
Kulia Mama Mugoli wa Bunyakiri, asiyesema
kilichomtoa kwao wala nani alibaki,
ila vidole vyake vinachambua buni kumshinda kuku.
Na Mwalimu Zihalirwa, macho kwenye saa, anahesabu dakika nne.

"Vunjeni ukoko," anasema. "Nuseni. Kisha fyonzeni kwa kelele."
Kwa kelele! Mama yangu angenichapa mwiko.
Tukafyonza, ng'ombe kumi na mmoja mtoni,
tukacheka mpaka Iragi akapaliwa.

Nikwambie ukweli: kahawa nimeibeba, sikuwahi kuinywa.
Baba wa wanangu aliivusha usiku kwa mtumbwi
kwenda ng'ambo walikolipa vizuri,
ziwa likabaki na yeye na magunia,
mimi nikabaki na deni.
Nilidhani nitamwonja humo.
Hayumo. Ni chungu tu, halafu kidogo si chungu.

Vikombe vitano. Wenzangu wakasema ndimu, wakasema asali,
mmoja akasema maua, kumpendeza mwalimu.
Nikafika cha nne, nikanyamaza.
"Nsimire, unaonja nini?"
"Kamba."
Darasa zima likaangua kicheko.
"Kamba iliyolowa. Ikalala mbichi kwenye kona
ya nyumba ya udongo. Naijua kwa meno."

Mwalimu hakucheka. Alionja, akatema,
akaenda stoo, akafungua gunia la nne,
akazamisha mkono mpaka kiwiko.
Ulitoka na uvundo.

Siku hiyo walinipigia makofi. Iragi alinipa nusu ya andazi lake,
na Iragi hagawi.
Lakini usiku usingizi ulinikataa.
Gunia lile lilikuwa na jina, kwa wino wa buluu:
Nabami, Idjwi Kusini.
Kwa neno langu moja Nabami amerudishiwa kahawa yake,
na ada ya watoto ndani yake.
Wala halikulowa shambani, nakuapia.
Lililowa mgongoni mwa mtu, kwenye zile ngazi za Muhanzi,
mvua ya mwezi uliopita,
kama nilivyolowesha mangapi mimi mwenyewe,
nikayageuza upande mkavu tajiri asione.

Asubuhi nikaenda kwa mhasibu. Nikasema: turubai.
Akasema: andika.
Basi nikaandika, herufi zikipanda kilima,
barua yangu ya kwanza tangu nizaliwe:
Naomba turubai mbili, kubwa, za kufunika magunia
pale gatini, pamoja na wanaoyabeba.
"Hayo ya mwisho yafute," akasema. "Bajeti ni ya kahawa."
Sikufuta.

Leo Alhamisi. Hawajajibu.
Wingu limekaa ziwani, upande wa Idjwi,
na paji langu, pale kamba ilipochimba,
linaniwasha.